Nina viongozi kumi wa wafanyakazi wa Marekani, nianzie wapi?

"Shikamoo mwalimu. Nafanya kazi kiwandani na jioni nasoma digrii ya historia. Nimechagua kuandika kuhusu harakati za wafanyakazi Marekani na viongozi wake, maneno kama elfu nane. Nimeshapanga sura kumi, kila sura kiongozi mmoja: Powderly, Gompers, Debs, Mother Jones, Haywood, Lewis, Reuther, Randolph, Hoffa na Chavez. Shida kila nikisoma nazidi kuchanganyikiwa, huyu anasema Gompers shujaa, yule anasema kibaraka wa matajiri. Najua masaa 8 yalipatikana Chicago Mei Mosi 1886 lakini nasikia Wamarekani wenyewe hawaadhimishi Mei Mosi, inakuaje? Na wengine wanasema vyama vyao vilikuwa vya mafia tu. Marekani siwezi kwenda, nyaraka nitazipata wapi? Mwisho, kazini kwetu tunataka kufungua tawi la chama, je mbinu za hao wazee zinaweza kutusaidia?"

Marahaba mdogo wangu. Nimesoma swali lako mara mbili na naona kinachokusumbua sio uchache wa vitabu wala akili ndogo, kinachokusumbua ni huo mpango wa sura kumi. Maneno elfu nane ukigawa kwa watu kumi kila mmoja anapata mia nane, na kwa maneno mia nane utaishia kusema alizaliwa lini, aliongoza chama gani, alikufa lini, basi. Msimamizi wako ataandika pembeni "uchambuzi uko wapi?" na atakuwa na haki. Orodha ya watu inafanya ionekane kama kila kiongozi aliamka asubuhi akachagua kuwa mkali au mpole kwa tabia yake tu. Kumbe mara nyingi ukali na upole wao ulitoka kwenye mambo mawili, kwanza kama mwajiri angeweza kuwabadilisha wafanyakazi wake kesho yake, pili jaji wa wakati ule alikuwa anaruhusu nini. Ukishika hayo mawili hata hiyo vurugu ya Gompers inatulia.

Ila tuanze na Mei Mosi maana hapo una kosa ambalo watu wengi wanalo. Ni kweli tarehe 1 Mei 1886 wafanyakazi wengi sana Marekani waligoma kudai masaa 8 na Chicago ndo ilikuwa kitovu. Tarehe 3 polisi wakapiga risasi na kuua wafanyakazi nje ya kiwanda cha McCormick, tarehe 4 jioni kwenye mkutano pale Haymarket mtu akarusha bomu kwa polisi na mpaka leo haijajulikana ni nani. Wanaume 8 wakahukumiwa, zaidi kwa maneno waliyokuwa wanahubiri kuliko kwa ushahidi wa bomu, wanne wakanyongwa Novemba 1887, mmoja akajiua gerezani, na watatu waliobaki gavana Altgeld akawaachia huru 1893. Sasa hayo masaa 8 yako wapi? Hayakupatikana! Walioyapata mwaka ule wengi wao waliyapoteza haraka baada ya msako uliofuata bomu. Wafanyakazi wa reli waliyapata kwa sheria ya 1916 na wa sekta nyingine wakasubiri sheria ya 1938, tena hiyo iliweka ukomo wa wiki na malipo ya ovataimu na haikugusa kila mtu. Mei Mosi yenyewe ilifanywa siku ya kimataifa na mkutano wa wasoshalisti Paris 1889, wakiunga mkono mapambano ya Marekani. Wamarekani wao walishaanza maandamano yao ya Septemba New York tangu 1882, majimbo kadhaa yakaifanya sikukuu, Oregon ikiwa ya kwanza 1887, alafu rais Cleveland akaisaini kuwa sikukuu ya taifa tarehe 28 Juni 1894.

Iangalie hiyo tarehe tena, 28 Juni 1894. Siku mbili kabla yake ulikuwa umeanza mgomo uliosimamisha treni karibu nusu ya nchi, na siku sita baadae rais huyohuyo alikuwa na wanajeshi mitaani Chicago. Huo ndo mgomo wa Pullman, na ushauri wangu kwako ni kwamba utafiti wako wote ukae hapo, kampuni moja, kuanzia 1894 mpaka 1937. Ngoja nikueleze kwa nini.

George Pullman alikuwa anatengeneza na kuendesha mabehewa ya kulala, ya kifahari kwelikweli, na kusini mwa Chicago alijenga mji mzima wa wafanyakazi wake, nyumba zake, duka lake, maktaba yake, mpaka kanisa lilikuwa la kupanga. Uchumi ulipoanguka 1893 akakata mishahara kwa wastani wa kama robo lakini kodi ya nyumba hakushusha hata senti. Kulikuwa na binti mshonaji pale kiwandani, Jennie Curtis, baba yake alifanya kazi humohumo miaka mingi akafa akiwa anadaiwa kodi kama dola 60, deni likahamishiwa kwa binti anakatwa kwenye ujira wake. Huyu dada ndo alisimama mbele ya mkutano wa chama cha reli cha Eugene Debs akaomba msaada. Debs mwenyewe hakuwa na haraka ya kugombana, chama chake cha American Railway Union kilikuwa na mwaka mmoja tu, lakini wanachama wakapiga kura, kuanzia 26 Juni hakuna mtu kugusa treni yenye behewa la Pullman.

Mpaka hapo wafanyakazi walikuwa na nguvu kuliko kampuni, maana nchi bila reli ilikuwa haiendi. Kilichowaangusha ni karatasi. Mwanasheria mkuu wa serikali, Richard Olney, ambaye alitokea kwenye uwakili wa makampuni ya reli (ndio, umesoma vizuri), alienda kwa majaji akapata zuio la mahakama tarehe 2 Julai, hoja ikiwa kwamba mgomo unazuia barua za posta na biashara kati ya majimbo. Zuio hilo lilikataza viongozi hata kuwasiliana na wanachama wao kuhusu mgomo, na lilijengwa kwa sehemu juu ya sheria ya 1890 iliyotungwa kuzuia matajiri wasihodhi biashara! Ukivunja zuio unafungwa kwa kudharau mahakama, hakuna baraza la wazee wa mahakama, jaji aliyetoa amri ndo huyohuyo anakuhukumu. Jeshi likaingia Chicago 4 Julai, watu wakafa, mgomo ukavunjika, Debs akala miezi sita jela, na mwaka 1895 Mahakama Kuu ya nchi ikabariki yote. Alipotoka alizidi kuamini kwamba bila kushika serikali mfanyakazi hatashinda, ndo maana akaishia kugombea urais mara tano kwa tiketi ya wasoshalisti, mara ya mwisho 1920 akiwa gerezani Atlanta kwa hotuba ya kupinga vita, na bado karibu watu milioni moja wakampigia kura.

Sasa mlete Gompers. Wakati mgomo wa Pullman unazama, Debs aliomba shirikisho la Gompers, AFL, lililounganisha vyama vya mafundi, liitishe mgomo wa kuunga mkono, Gompers akaja Chicago, akakutana na wenzake hotelini, wakakataa na wakashauri watu warudi kazini. Hapo ndo wengi wanapoandika "kibaraka." Lakini fikiria alikotoka. Alizaliwa London 1850, kazi yake ilikuwa kusokota sigara New York, ufundi wa mikono ambao huwezi kumuokota mtu barabarani ukampa, na kwenye karakana zile mafundi walikuwa wanamchagua mwenzao mmoja awasomee magazeti na vitabu kwa sauti wakati wao wanasokota, yaani darasa la siasa liko kazini. Chama chao cha sigara kilitoza ada kubwa alafu kikalipa ukiumwa, ukifiwa, ukigoma, mfano wa kikoba kilichoiva. Mtu mwenye mfuko wa namna hiyo akiona jaji anaweza kuandika karatasi moja na chama kikafa, lazima awe mwoga wa migomo mikubwa. AFL ilibaki hai kupitia vipindi ambavyo vyama vingine vilikufa, hilo usimnyime. Gharama yake ilikuwa kwamba mamilioni ya wasio na ufundi maalum, wanawake wengi na watu weusi waliachwa nje, na juu ya Wachina Gompers aliandika na kupigania mambo ya kibaguzi waziwazi, hapo usimtafutie kisingizio. Kwa hiyo mimi simuiti shujaa wala kibaraka, na wewe pia huhitaji kuchagua, eleza tu hesabu aliyokuwa anapiga na nani alilipia.

Debs naye usimpake rangi nyeupe tupu. Mkutano uleule wa Juni 1894 uliomsikiliza Jennie Curtis ulipiga kura kukataa watu weusi wasiwe wanachama, kura 112 kwa 100, na Debs aliwaomba wasifanye hivyo. Matokeo yake ni kwamba wahudumu wa ndani ya mabehewa, watu weusi ambao mwanzoni wengi wao walikuwa wametoka utumwani, wale waliotandika vitanda na kung'arisha viatu vya abiria na kuitwa wote "George" kama vile hawana majina, walikuwa nje ya mgomo wa kampuni yao wenyewe. Hii kitu wengi wanaipita juujuu wakati kwangu ndo moyo wa hadithi. Na kuna kioja kingine, Pullman alipokufa 1897 (familia ilimzika chini ya zege na vyuma vya reli wakiogopa kaburi litafukuliwa), aliyeshika urais wa kampuni ni Robert Lincoln, mtoto wa yule yule Abraham Lincoln.

Ruka mpaka 1925, Harlem, mtaa wa watu weusi New York. Wahudumu wanaanzisha chama chao, Brotherhood of Sleeping Car Porters, na wanamchagua A. Philip Randolph kuongoza, mtu ambaye hajawahi kuwa mhudumu wa treni, alikuwa mhariri wa gazeti. Kwa nini? Kwa sababu kampuni haiwezi kumfukuza mtu ambaye haijamuajiri. Ona sasa, hata uchaguzi wa kiongozi umetokana na lile swali la nani anaweza kufukuzwa. Kampuni ilikuwa na majasusi ndani ya treni, ina chama chake feki cha wafanyakazi, ikafukuza watu, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 Brotherhood ilikuwa imebaki na wanachama mia kadhaa tu. Kilichogeuza mambo hapa pia ni sheria. Mwaka 1932 Kongresi iliwabana majaji wasitoe mazuio ya migomo kiholela, 1934 sheria ya kazi za reli ikarekebishwa ikawaingiza wahudumu na kupiga marufuku vyama feki, 1935 wakapiga kura wakaichagua Brotherhood kwa wingi mkubwa, na Agosti 1937 Pullman ikasaini mkataba. Mwezi wa kazi uliokuwa unakaribia masaa 400 ukashuka kuwa 240.

Kampuni ileile, mabehewa yaleyale, 1894 wafanyakazi wameshindwa wakiwa wengi na wana nguvu, 1937 wameshinda wakiwa kundi dogo lililodharauliwa. Eleza tofauti hiyo na utafiti wako umesimama. Usisahau pia kwamba sheria haikushuka mbinguni, Randolph na wenzake ndo walikuwa Washington wanasukuma wahudumu waingizwe, na mwaka 1941 huyuhuyu alimtishia rais Roosevelt kwa maandamano mpaka rais akasaini amri ya kupiga marufuku ubaguzi kwenye viwanda vya silaha, na 1963 ndo alikuwa kinara wa yale maandamano ya Washington ambayo watu wanakumbuka hotuba ya King tu.

Baadhi ya wengine kwenye orodha yako nitawapitia kwa haraka. Lewis wa wachimba makaa na Reuther wa viwanda vya magari wanakaa kwenye mgomo wa Flint, Michigan, ambapo wafanyakazi wa General Motors walikaa ndani ya kiwanda siku 44, Desemba 1936 mpaka Februari 1937, na sababu ya kukaa ndani badala ya kusimama getini ni ileile, ukikaa juu ya mashine mwajiri hawezi kuleta watu wengine. Chavez wa wafanyakazi wa mashamba naye usimtaje bila wenzake Dolores Huerta na Larry Itliong, maana walioanza mgomo wa zabibu Delano, California, Septemba 1965 ni Wafilipino wa Itliong, Chavez akajiunga siku chache baadae. Na kususia zabibu madukani kuliwezekana kwa sababu ya ajabu kidogo, sheria ya Wagner ya 1935, iliyolinda haki ya kuunda vyama, ilikuwa imewatupa nje wafanyakazi wa mashamba na wa majumbani, kwa hiyo hata marufuku ya 1947 ya kushawishi watu wasusie biashara za watu wa tatu haikuwabana. Waliachwa nje ya mlango wakatumia dirisha.

Mafia? Ipo, usiikane. Teamsters, chama cha madereva wa malori, walifukuzwa 1957 kwa ufisadi na AFL-CIO (ile AFL baada ya kuungana na shirikisho la CIO), kiongozi wao Hoffa alifungwa, na Julai 1975 akapotea mpaka leo. Lakini Teamsters sio harakati nzima, na waajiri wa wakati ule walipenda sana uamini kwamba ndo harakati nzima.

Kuhusu nyaraka, huhitaji viza. Baada ya mgomo wa Pullman serikali iliunda tume, ikawahoji Debs, Pullman, Gompers, Jennie Curtis na wengine wengi, na ripoti yenye ushahidi wao mzima iko onlaini bure, faili moja nzito, idownlodi usiku bando likiwa rahisi. Maktaba ya Kongresi ina magazeti ya zamani ya Marekani bure kabisa, unatafuta kwa neno na tarehe. Chuo cha Cornell kina websaiti nzuri ya moto wa kiwanda cha Triangle wa 1911 uliouwa watu 146, na maktaba ya Walter Reuther pale Detroit inatunza kumbukumbu za chama cha Chavez na cha wafanyakazi wa magari. Waandikie imeili watunza kumbukumbu, sema unatafuta nini hasa na cha mwaka gani, ukiuliza kijumlajumla utajibiwa kijumlajumla.

Unaposoma kuwa mgumu. Magazeti makubwa ya Chicago ya 1894 yalimchukia Debs na kumwita dikteta, kwa hiyo yatumie kujua wenye mali waliogopa nini, ila idadi ya "wahuni" wanayoitaja uitilie shaka. Na viongozi wenyewe nao waliongeza chumvi. Mother Jones, mhamasishaji wa wachimba makaa, kwenye kitabu cha maisha yake alisema kazaliwa 1830, na siku yenyewe alidai ni 1 Mei, kumbukumbu za ubatizo kule Cork, Ireland, zinaonyesha 1837. Alijizeesha makusudi, bibi mzee mwenye nywele nyeupe kumpiga ni aibu kwa polisi, na tarehe ya Mei Mosi unajua mwenyewe kwa nini aliipenda.

Kama msimamizi wako atataka kitu chenye mguso wa nyumbani kuna njia ya pili, nayo ni ya kweli sio ya kulazimisha. Maida Springer, mama mzaliwa wa Panama aliyekulia New York kwenye chama cha washonaji, rafiki wa Randolph, alifanya kazi na vyama vya wafanyakazi Tanganyika na Kenya miaka ya 1950 na alikuwa karibu na Nyerere na Tom Mboya. Mboya alipoenda Marekani 1956 alirudi na ahadi ya dola 35,000 za AFL-CIO za kujenga makao ya shirikisho la vyama Nairobi. Ni mada tamu, na nyaraka nyingine ziko Nairobi, basi tu na nauli. Lakini nikuambie ukweli ni ngumu zaidi, maana pesa hizo zilikuja na vita baridi, mkono wa serikali ya Marekani ulikuwa nyuma ya baadhi ya kazi za AFL-CIO nje, na kutenganisha urafiki wa kweli na hesabu za Washington kunahitaji muda ambao mtu wa zamu ya kiwandani huenda huna. Mimi ningechagua Pullman. Vyovyote vile kabla hujaandika hata ukurasa mmoja nenda ukaonane na msimamizi ana kwa ana ukiwa na swali moja lililoandikwa, sio mada, SWALI, na akubali kwa maandishi kwamba umebadilisha ule mpango wa sura kumi.

La kazini kwenu nimeliacha mwisho kwa sababu linaweza kumgharimu mtu kazi. Soma wazee hawa upate moyo lakini mbinu zao usizinakili. Kukaa ndani ya kiwanda siku 44 kulikuwa na utata wa kisheria hata Flint, na mwaka 1939 Mahakama Kuu ya kwao ilisema mwajiri ana haki ya kuwafukuza waliokaa hivyo. Kwetu Tanzania sheria ya ajira na mahusiano kazini ya 2004 ina njia yake ya kuingia kwenye chama, kutambuliwa na mwajiri, na hatua za kupitia kabla ya mgomo kuwa halali, usuluhishi kwanza, kura ya wanachama, notisi. Nenda ofisi ya chama kinachosimamia sekta yenu, kwa viwanda ni TUICO, mkaongee na katibu wa mkoa mkiwa kadhaa sio peke yako, na fomu za uanachama mzijaze kabla hamjaanza kusema kwa sauti kantini. Kama kuna mwenzenu ameshaachishwa kazi kwa sababu ya jambo hili basi asisubiri utafiti wako uishe, aende CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wiki hiihii, malalamiko ya kuachishwa yana ukomo wa siku 30.